UZI: Mvua ya kwanza ikigusa udongo mkavu, nani anaamka? Misimu, tabianchi na vijidudu vya ardhini

Mfukuaji (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu.

Mada za udongo humu jukwaani ni nyingi na nimejifunza mengi kwazo. Ila nimeona karibu zote zinauzungumzia udongo kama gunia: una nini, umepungukiwa nini, uongezewe nini. Wanaoishi humo wanapewa mstari mmoja tu, "udongo una bakteria wazuri", kisha tunarudi kwenye mbolea. Leo nataka tuwazungumzie wenyewe. Gramu moja ya udongo, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiko, inaweza kuwa na bakteria wanaofika bilioni moja, wa aina maelfu, pamoja na nyuzi za kuvu, arkea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi jingine), protozoa na minyoo isiyoonekana kwa macho. Na umati huo haukai vilevile mwaka mzima.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayetaka kuipinga aipinge: tabianchi ya miaka mingi huamua nani anaishi kwenye udongo fulani, na msimu huamua nani yuko macho. Halafu saa zenye uzito kuliko zote ni zile za mpito, ukavu unapogeuka unyevu au barafu inapogeuka maji.

Nianze na harufu. Kila mtu anaijua ile harufu inayopanda matone ya kwanza yakigusa ardhi iliyokauka. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina, petriko. Ndani yake mna kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa hasa na bakteria wa jenasi ya Streptomyces. Pua ya binadamu inainasa hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Na bakteria hao hawaitengenezi bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuna wadudu wadogo wa udongoni, wale wanaojirusha kwa kifyatuo cha mkiani, wanaoifuata harufu hiyo, wakawala Streptomyces na kuondoka na spora zao (vijimbegu vyao vya kuenezea) zikiwa zimegandia mwilini. Kwa hiyo harufu tunayoifurahia mlangoni mvua ikianza ni mwito wa kubebwa.

Sasa niwaeleze jambo nililolifanya kwa mikono yangu, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilichimba udongo wa juu sehemu moja, nikaugawa mafungu mawili. Fungu moja nilianika juani, limetandazwa jembamba kwenye sinia, siku kumi. La pili nililiweka kwenye chombo, nikalifunika, nikawa nalinyunyizia maji kidogo lisikauke. Kisha nikachukua mitungi mitatu ya kioo yenye vifuniko vya kukaza. Wa kwanza nikatia udongo mkavu. Wa pili, udongo uliokuwa na unyevu muda wote. Wa tatu, udongo mkavu ambao niliunyunyizia maji palepale kabla ya kufunga. Ndani ya kila mtungi, juu ya udongo, nikakalisha kikombe kidogo chenye maji ya chokaa yaliyotulia mpaka yakawa maangavu kabisa. (Atakayejaribu aangalie macho na ngozi, maji ya chokaa yanababua.) Maji hayo yakikutana na hewa ukaa hufanya utando mweupe, kwa hiyo utando ukiwa mzito ujue mtunguni kuna kupumua sana.

Asubuhi ya pili nilifungua. Kikombe cha udongo mkavu kilikuwa karibu vilevile, kiutando chepesi tu pembezoni. Cha udongo wenye unyevu kilikuwa na utando mwembamba juu. Kile cha udongo mkavu ulioloweshwa kilikuwa na gamba jeupe lililopasuka vipande nilipokiinamisha, na chini unga mweupe umejikalia. Udongo uleule, shimo lilelile. Uliokauka kisha ukanyeshewa ulipumua kuliko ule ambao haukuwahi kupata kiu.

Jambo hili lina jina. H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyefanyia kazi Muguga, Kenya, alilichapisha kwa kina mwaka 1958, na mpaka leo dunia nzima inaliita athari ya Birch: udongo uliokauka ukiloweshwa, hewa ukaa hufumka na naitrojeni ya kulisha mimea huachiliwa kwa wingi ndani ya siku chache.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria maisha ya bakteria mmoja kiangazi kikianza. Maji yanakimbilia kwenye matundu madogo kabisa ya udongo, na utando wa maji uliomzunguka unazidi kuwa mwembamba na wa chumvi. Chumvi ya nje inamvuta maji kutoka mwilini. Ili asinyauke anajijaza sukari kama trehalosi na asidi amino kama prolini, vitu vinavyoyashikilia maji ndani. Wengine wanajizungushia ute. Jamaa wa Bacillus wanajifunga ndani ya spora ngumu na kusubiri. Wasioweza lolote kati ya hayo wanakufa, na mizoga yao inabaki palepale. Kisha mvua inashuka. Dakika moja tu nje pamekuwa maji matamu, na yeye ndani amejaa sukari. Maji yanaingia kwa nguvu. Lazima aziteme sukari zile haraka, la sivyo anapasuka. Akitema ni chakula kimemwagika, akipasuka ni chakula kimemwagika. Wakati huohuo mabonge madogo ya udongo yanavunjika, na mboji iliyokuwa imefichika ndani inafikiwa. Waliobaki hai wanakula vyote hivyo. Huko ndiko kupumua nilikokuona kwenye kikombe.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

Jembe la Asubuhi

Mkuu shukrani, uzi umetulia. Swali langu ni la mtu wa shamba. Kama ukavu kisha mvua unaachilia naitrojeni, basi kiangazi kinatusaidia? Maana wazee walikuwa wakisema ardhi ikilala juani inarudi na nguvu.

Mfukuaji

Mkuu Jembe, wazee waliona jambo la kweli. Naitrojeni inayotoka mvua za mwanzo ni halisi, na mmea uliokwisha kuota mapema unaifaidi. Ndiyo maana anayepanda mvua zinapoanza mara nyingi humpita aliyechelewa wiki mbili tatu, hata kama mbegu ni moja.

Ila kuna mambo mawili. Bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitreti nao huamka mapema, na naitreti haishikwi na udongo. Mvua kubwa ikija kabla mizizi haijawa tayari, inashuka nayo chini mpaka mizizi haiifikii. La pili ndilo zito zaidi: ile naitrojeni imetoka wapi? Imetoka kwenye mboji na kwenye miili ya vijidudu wenyewe. Ile hewa ukaa iliyofanya gamba jeupe ni kaboni ya udongo inayoondoka. Udongo usiorudishiwa majani, mizizi wala samadi, kila mzunguko wa ukavu na mvua unauchota. Kwa hiyo nguvu inayorudi baada ya jua ni akiba iliyofunguliwa, na akiba hujazwa.

Bi Rutuba

Mimi nina langu la uchungu kidogo. Nilinunua chupa ya bakteria wa kurutubisha udongo, muuzaji akaniambia mwaga wakati wowote. Nikamwaga kiangazi, ardhi wazi, saa nane mchana. Sikuona badiliko lolote, si mwezi ule wala msimu uliofuata. Nilidhani nimeuziwa maji. Baada ya kusoma hapa najiuliza kama kosa lilikuwa la msimu.

Mfukuaji

Dada, sijui kilichokuwa kwenye chupa, lakini hata wangekuwa bakteria bora kuliko wote, walikuwa na kazi ngumu sana. Juu ya udongo uliokuwa wazi, jua la mchana linaweza kupandisha joto kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Bakteria wa vinundu vya mikunde, kwa mfano, joto la namna hiyo pamoja na ukavu huwaua wengi sana. Na hata wasipokufa wanakuta wenyeji. Wenyeji wa udongo huo wamechujwa na jua hilohilo miaka na miaka. Mgeni aliyelelewa kwenye chupa yenye chakula tele anashushwa katikati ya njaa na kiu, tena kila tundu lenye unyevu lina mwenyewe.

Ukiwa na bakteria wa kupandikiza, wapeleke jioni au siku ya mawingu, udongo una unyevu, na wafukie karibu na mbegu. Kina ni kinga kubwa. Kadiri unavyoshuka, joto la mchana na baridi ya usiku vinapoteza nguvu. Ukifika kama nusu mita, tofauti ya usiku na mchana karibu haipo. Na kivuli cha majani makavu juu ya ardhi kinafanya kazi kama hiyo kwa gharama ya kuyaacha tu yalipoanguka.

Nyuzi Nyeupe

Naomba niongeze kuhusu kuvu, maana mkuu Mfukuaji umewapita haraka na mimi ndio ninaowapenda.

Bakteria wengi wanahitaji utando wa maji ili wasogee na ili chakula kiwafikie. Udongo ukikauka, tando hizo zinakatika, na kila kundi linabaki kisiwani kwake. Kuvu hawafungwi hivyo. Uzi wa kuvu unaweza kuvuka tundu lenye hewa tupu kutoka chembe moja ya udongo hadi nyingine, ukinywa maji upande mmoja na kula upande wa pili. Ndiyo maana ukavu ukianza, mara nyingi kuvu wanaendelea na kazi wakati bakteria wengi wameshanyamaza. Miongoni mwa bakteria nao, wanaostahimili zaidi mara nyingi ni wenye kuta nene, wakiwamo ndugu wa Streptomyces ambao hata umbo lao ni la nyuzi nyuzi.

Chimba chini ya majani yaliyorundikana wakati ardhi nyingine imekauka kau. Funua tabaka la juu polepole, usilitifue. Utaona nyuzi nyeupe zimeshona jani kwa jani, nyembamba kama uzi wa buibui, na pale zilipopita jani limebaki mishipa tu. Ukilivuta jani moja, la pili linakuja nalo. Sasa pitisha jembe hapo. Mtandao wa wiki nyingi umekatika mara moja, na ukikatika wakati wa ukavu hauna maji ya kujiunga upya. Mimi nimeacha kabisa kutifua ardhi kiangazi kwa sababu hiyo.

Mwalimu wa Zamu

Hongera kwa uzi. Nifundishe na mimi: mnazungumza mvua na jua, lakini sehemu kubwa ya dunia msimu wake ni baridi. Huko vijitabu vyetu vya shule vinasema udongo "unalala" wakati wa theluji. Ni kweli?

Mfukuaji

Mwalimu, nilikuwa nasubiri swali hili. Theluji ni blanketi. Hewa ya juu inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na udongo uliofunikwa na theluji nene ukabaki karibu na sifuri. Na hata chini ya sifuri maji ya udongoni hayagandi yote. Tando nyembamba zilizoshikwa na chembe za udongo, zenye chumvi, zinabaki majimaji, na humo kuna maisha.

Kuna eneo la milimani Colorado, Marekani, linaitwa Niwot Ridge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 kutoka huko yalishangaza wengi: wingi wa vijidudu ulifika kilele mwishoni mwa majira ya baridi, chini ya theluji, na waliotawala ni kuvu, wakiwamo wa makundi ambayo sayansi haikuwa imeyajua. Wanakula mabaki ya mimea iliyokufa msimu uliopita. Theluji ikiyeyuka wanakufa kwa wingi, na jamii nyingine ya vijidudu inashika nafasi. Naitrojeni iliyokuwa kwenye miili ya wale wa baridi inamwagika, na ni wakati huohuo mimea ya mlimani inaanza kuchipua. Tazama inavyofanana na mvua ya kwanza. Mpito tena.

Na hapa kuna jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana kinyume. Majira ya baridi yakipata joto zaidi, theluji inapungua, na udongo unaweza kuwa wa baridi zaidi, kwa sababu umevuliwa blanketi. Kwenye msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, watafiti waliiondoa theluji kwa koleo kwenye vipande vya ardhi. Udongo uliganda zaidi, mizizi midogo mingi ikafa, na naitreti iliyopotea ikaongezeka.

Maabara Ndogo

Nimesoma mpaka hapa na nina pingamizi, kwa nia njema. Nafanya kazi na sampuli za udongo. Tunapotoa vinasaba kwenye udongo wa kiangazi na wa mvua kutoka sehemu ileile, mara nyingi orodha ya majina inafanana sana. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ni kubwa kuliko kati ya msimu na msimu. Kama msimu una nguvu mnayoisema, mbona hauonekani?

Mfukuaji

Mkuu Maabara, pingamizi lako ndilo linaloipa hoja yangu nguvu, na nakushukuru kulileta. Vinasaba vinakuambia nani amewahi kuwapo. Walio macho na waliolala vinawaorodhesha pamoja, na hata waliokufa. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa wastani kama asilimia 40 ya vinasaba vya bakteria na arkea udongoni ni vya seli zilizokwisha kufa au kupasuka, vimeshikwa na chembe za udongo kama nguo zilizoachwa na wapangaji waliohama. Ndani ya daftari la namna hiyo msimu unafifia. Ukipima kupumua, au RNA (nakala za vinasaba ambazo seli hai huzitengeneza inapofanya kazi), au kasi ya kuoza kwa kitambaa cha pamba ulichokifukia, msimu unajitokeza wazi.

Na kuhusu tofauti kati ya sehemu na sehemu, hapo umeigusa tabianchi.

Maabara Ndogo

Hapo pia nina neno. Kazi maarufu ya watafiti Fierer na Jackson ya mwaka 2006, sampuli 98 kutoka Amerika ya Kaskazini na Kusini, ilionyesha kwamba kilichotabiri vizuri zaidi wingi wa aina za bakteria ni pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali na alikali. Joto halikutabiri, wala umbali kutoka ikweta. Udongo wa tindikali wa msitu wa Amazoni upande wa Peru ulikuwa na aina chache kuliko udongo wa jangwani wenye pH ya kati. Kwa wanyama na mimea tumezoea kinyume chake.

Mfukuaji

Kweli kabisa, na ni kazi ninayoiheshimu. Lakini tuulize swali moja mbele: pH hiyo imeandikwa na nani? Mvua ikinyesha kwa karne nyingi kuliko jua linavyoweza kuikausha, maji yanashuka na kalisi na magnesi, udongo unabaki na tindikali. Jua likizidi mvua, chumvi na chokaa zinabaki juu, udongo unakuwa wa alikali. Ukipanga udongo wa dunia kwa mizani hiyo ya mvua na uvukizi, pH inageuka kwa ghafla karibu na pale viwili hivyo vinapolingana. Miamba ina sehemu yake pia, sibishi. Ila tabianchi imeshika kalamu muda mrefu, na bakteria wanasoma alichoandika.

Kuvu wao wanaisikia tabianchi moja kwa moja. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, maeneo 365 duniani, ulikuta kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoeleza zaidi wingi wa aina zao, na kwa jumla aina zinaongezeka ukikaribia ikweta. Isipokuwa wale kuvu wanaoivika mizizi ya miti ala kwa nje. Hao aina zao ni nyingi zaidi kwenye misitu ya nchi za kaskazini.

Nyuzi Nyeupe

Hapo nimefurahi.

Kisima Kirefu

Na mafuriko je? Kwetu sisi wa mabondeni ukavu si shida, shida ni maji kusimama.

Mfukuaji

Mkuu Kisima, maji yakijaza matundu yote, shida inageuka kutoka kiu kuwa kukosa hewa. Oksijeni inapenya kwenye maji polepole mara kama 10,000 kuliko hewani. Vijidudu vinaimaliza iliyopo ndani ya saa chache au siku chache, kisha vinavyoweza vinaanza kupumulia vitu vingine, kwa zamu: naitreti kwanza, halafu manganizi, chuma, salfeti, na mwishoni kabisa arkea wanaotoa methani. Zamu ya naitreti ndiyo inayomuumiza mkulima, maana naitrojeni yake inapaa hewani. Sehemu inatoka kama oksidi ya naitrasi, ambayo kwa uzito ule ule inapasha dunia joto mara takriban 270 kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Zamu ya chuma unaweza kuiona: kata bonge la udongo uliokaa majini muda mrefu, ndani ni wa kijivu cha samawati, na pembeni mwa njia za mizizi, mahali hewa ilipopita, kuna mistari ya kutu. Kila mstari wa kutu ni mahali mzizi ulipoleta oksijeni.

Mwalimu wa Zamu

Wanafunzi wangu wataniuliza: dunia ikizidi joto, vijidudu vitachapa kazi zaidi na udongo utakuwa na rutuba zaidi? Maana wanajua joto linaharakisha kuoza.

Mfukuaji

Mwalimu, joto linaharakisha kweli. Kwa makadirio ya kawaida, nyuzi 10 za nyongeza zinakaribia kuongeza kasi ya kupumua kwa udongo mara mbili, kama maji na chakula vipo. Lakini masharti hayo mawili ndiyo yenye kazi.

Jaribio ninalolitegemea ni la Harvard Forest, Massachusetts. Tangu mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na Jerry Melillo wamefukia nyaya za umeme na kuupasha udongo wa msitu nyuzi 5 juu ya kawaida. Matokeo ya miaka 26 yalichapishwa mwaka 2017, na hayakuwa mstari ulionyooka. Miaka kama 10 ya kwanza kaboni ilitoka kwa kasi. Kisha pakatulia miaka kadhaa, kama vile chakula rahisi kimeisha. Katikati ya utulivu huo jamii ya vijidudu ikawa inajipanga upya. Halafu kaboni ikaanza kutoka tena, na kisha utulivu wa pili. Ukinitaka niseme kinachonikosesha usingizi, ni ile awamu ya kupanga upya. Vijidudu havikuongeza kasi tu, walibadilika waliopo.

Na akiba kubwa kuliko zote iko kwenye ardhi iliyoganda daima ya kaskazini: kaboni ya tani kama trilioni 1.5, takriban mara mbili ya iliyomo hewani leo. Imekaa humo kwa sababu vijidudu havikuwa na maji ya kimiminika. Ikiyeyuka pakavu inatoka hewa ukaa, ikiyeyuka majini inatoka na methani.

Waeleze wanafunzi pia kwamba joto haliji peke yake. Mahali pengi vipindi vya ukavu vinarefuka na mvua zinakuja kwa mkupuo. Maana yake ni mipito mikali zaidi, na kila mpito unachuja. Udongo uliozoea ukavu una wenyeji wanaojua kuukabili, na ule ambao haukuwahi kukauka unapoteza wengi zaidi kwa ukame uleule. Hata majangwani utando wa juu ya ardhi, uliojengwa na bakteria wa kijani-samawati kama Microcoleus, unaweza kulala ukiwa mkavu miezi mingi na kuanza tena kutengeneza chakula dakika chache baada ya kuloa. Tando za namna hiyo zinafunika kama asilimia 12 ya nchi kavu. Lakini mvua fupi mno zinawaamsha kabla hazijawapa muda wa kurudisha walichotumia kuamka. Wakiamshwa hivyo mara nyingi, wanakufa kwa njaa.

Jembe la Asubuhi

Hili la kuamshwa bure limenigusa. Swali la mwisho mkuu: nikitaka kupeleka udongo wangu kupimwa, nichimbe lini?

Mfukuaji

Chimba wakati uleule kila mwaka, hilo ndilo kubwa. Ukilinganisha naitreti ya mwisho wa kiangazi na ya katikati ya mvua unalinganisha misimu, shamba hujalipima. Epuka wiki mbili za mwanzo baada ya mvua kuanza, maana kila kitu kinabadilika siku kwa siku. Andika pembeni mvua ya mwisho ilinyesha lini. Na udongo wa kupima vijidudu usiuanike, uweke penye ubaridi uupeleke mapema. Ukiuanika maabara wakaulowesha, watapima athari ya Birch.

Bi Rutuba

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilifanya ule mtungi wa udongo mkavu ulioloweshwa, kisha nikauanika udongo uleule, nikaulowesha tena, mara tatu. Mara ya kwanza utando ulikuwa gamba kama alivyosema mleta mada. Mara ya pili ulikuwepo mzito, ila haukupasuka vipande. Mara ya tatu niliweza kuona chini ya kikombe kupitia utando. Ni kawaida?

Mfukuaji

Dada, ni kawaida, na Birch mwenyewe aliona hivyohivyo: kila mzunguko unatoa, ila unazidi kutoa kidogo, kwa sababu chakula rahisi kinapungua na wanyonge wameshachujwa. Asante sana kwa uvumilivu wa mara tatu. Kabla hujaumwaga udongo huo, uuanike mara ya nne, uuchanganye na kiganja cha majani makavu yaliyosagwa, uuloweshe, uache kikombe usiku mmoja na kingine siku ya tano. Utuletee vyote viwili hapa.